Miguu Nje, Sauti Hewani

Leo nimeaibika hewani, na mlima mzima umenisikia.

Siongezi chumvi. Mnaonijua mnajua mimi ndiye yule anayeuliza "umejuaje?" hata kwenye matanga. (Ndiyo maana sialikwi sana.) Nawaeleza mapema kwa sababu hapa Litein kisa hiki tayari kinazunguka kwa namna nyingi, na katika mojawapo eti sikuwa na suruali tangu mwanzo. Hiyo si kweli. Suruali ilikuwepo mwanzo.

Kwa wasiojua: kila Jumamosi asubuhi nina kipindi cha muziki katika redio yetu ndogo hapa mjini. Kinaitwa Kuta Nyembamba. Jina nililitoa layini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai upande wa Kericho, ambako mama alikuwa mchuma chai na mimi nilikua nikisikia maisha ya watu wengine kupitia ukutani. Kushoto alikaa jirani kutoka ziwani, gitaa lake la benga likianza kabla ya jogoo. Kulia, familia kutoka Kisii, na babu yao aliyekuwa na obokano, kile kinanda kikubwa cha nyuzi kinachonguruma hadi vikombe vya jirani vinatetemeka. Nyuma yetu ilikuwa rumba, na mume na mke wakigombana juu yake. Ndani mwetu, mama alikuwa na kwaya ya kanisa. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa na nyimbo za wachunga ng'ombe wa Amerika, akizililia kana kwamba yeye ndiye aliyepoteza farasi.

Nilizisikia zote kwa pamoja, kila usiku. Mpaka leo, ukinipa aina moja tu ya muziki, silali.

Basi kipindi changu kiko hivyo hivyo. Kwaya, halafu benga, halafu mchunga ng'ombe analia, halafu rege. Bosi wangu hakipendi.

"Kiprono," aliniambia juzi, "hiki kipindi chako ni kama sufuria ya githeri iliyoangukiwa na samaki."

"Si watu wa hapa wanakula vyote viwili, Bosi?"

"Kwa sahani tofauti!"

Anataka saa yangu iwe ya salamu. Watu wapige simu, wasalimie shangazi, wamalize. Lakini alinipa nafasi moja ya mwisho: leo angemzungusha kwa gari mzee mmoja wa Sotik anayeuza chakula cha ng'ombe, wakisikiliza. Mzee akipenda, ataleta matangazo na kipindi kitaishi. Asipopenda, wiki ijayo ni shangazi.

"Na nisisikie kimya," alisema Bosi. "Mtu akisikia kimya anageuza stesheni. Akigeuza, harudi."

Kipindi hiki ndicho kitu pekee duniani ambacho sijawahi kukitilia shaka. (Uongo. Nimewahi kujiuliza, tena kila Jumamosi: hivi kuna mtu anasikiliza kweli? Wanaonipigia ni wale wale, na mmoja wao ni mjomba.)

Asubuhi nilianza vizuri sana. Nikasimulia habari ya mama. Alikuwa akisema kwamba kule shambani, vikapu vikishajaa na wakati wa kwenda kupima majani umefika, hakuna aliyeondoka kabla wote hawajatoka katikati ya michai. Yeye ndiye aliyeanzisha wimbo: "Nani amebaki nyuma?" Na wenzake wote: "Tunamngoja!" Wanarudia hadi yule wa mwisho atokeze na kikapu chake. Kwa maelezo ya mama, mlima mzima ulikuwa unaitikia, hata wale wa ng'ambo ya mto.

Mimi saa hizo nilikuwa shuleni, sikuwahi kusikia. Kwa hiyo leo nikasema hewani, kwa ile sauti yangu ya chuo kikuu inayopitia puani: "Nampenda mama yangu, lakini hapa nina shaka. Sauti ya mtu haiwezi kuvuka bonde. Nadhani kumbukumbu ndiyo iliyoongeza waimbaji."

Kumbukeni hayo maneno.

Sasa, kwa wasiwasi nilikuwa nimemaliza thamosi nzima ya chai. Mwili ukaanza kudai. Nikaweka rumba moja ndefu, ile ambayo mwimbaji anamaliza kazi yake mapema lakini magitaa yanakataa kwenda nyumbani. Nikatoka mbio. Choo chetu kiko nje, nyuma ya jengo.

Nilikuwa njiani kurudi niliposikia upepo ukiupiga mlango. Paa!

Kitasa cha studio yetu hujifunga chenyewe. Bosi aliahidi kukibadilisha tangu enzi hizo. Ufunguo ulikuwa mezani. Simu ilikuwa kando ya ufunguo, vikikaa pamoja kama wachumba. Fundi wetu wa mitambo alikuwa harusini Chepilat. Nilivuta mlango, nikausukuma, nikaubembeleza. Hakuna. Na kwa ndani, kupitia zile mbao tulizozipigilia trei za mayai kuzuia sauti (hazizuii), nikasikia magitaa yameanza mzunguko wao wa mwisho.

Likabaki dirisha.

Dirisha lenyewe ni dogo na liko juu, upande unaotazama mashamba ya chai. Nikatafuta kreti ya soda, nikapanda. Kichwa kikaingia. Mabega yakaingia, baada ya mazungumzo. Kifua kikaingia. Kiuno kikafika kwenye fremu, chuma cha mkanda kikashika mbao, na hapo maendeleo yangu yakakoma. Nikasukuma kwa miguu. Kreti ikaanguka.

Basi hapo nikawa nusu mfanyakazi, nusu mgeni. Mbele yangu meza, maiki, kompyuta, vyote hatua moja tu kutoka kwenye ncha za vidole. Nyuma yangu miguu ikipiga teke hewa safi ya Litein.

Nilisema mambo. Nilisema Bosi ni mchoyo wa vitasa. Nilisema angekuwa na dirisha pana kama tumbo lake, tusingefika hapa. Nilisema mkanda huu niliununua kwa kujidanganya kwamba nitakonda. Kisha magitaa yakaanza kupungua, moja moja, na hofu ikanishika kweli. Nikafumba macho.

(Wiki jana, hewani, niliuliza kama watu wanaoombea mvua huwa wanatazama kwanza utabiri wa hali ya hewa. Nilijiona mjanja sana.)

"Mungu wa mama yangu," nikasema, tena kwa sauti, "kama upo, na sijasema haupo, nilikuwa nauliza tu. Naomba kiuno kipite. Kikipita nitarudi kwaya. Nitaimba hata sauti ya pili."

Na kwa mbali, kutoka huko nje mlimani, nikasikia mtu anasema: "...hata sauti ya pili."

Nani ananiigiza?

"Nani huyo?" nikauliza.

"Nani huyo?" mlima ukajibu.

Kama msomi nikajiambia: mwangwi. Lakini mwangwi gani una rumba nyuma yake?

Nikainua macho taratibu. Kwenye maiki, taa nyekundu ilikuwa inawaka. Sikuwa nimeizima. Tangu nilipotoka mbio, chumba kile kilikuwa hewani, na mimi nusu yangu nilikuwa ndani ya chumba.

Hapo ndipo nikasikia kicheko nyuma yangu, karibu kabisa na miguu yangu.

"Kiprono! Hii miguu ni yako ama ya mwizi?"

Ilikuwa sauti ya Mama Akinyi. Alikuja huku kutoka ziwani akiwa msichana, na huwa anachuma chai katika shamba lililo chini ya studio, redio ndogo ikining'inia kwenye kikapu.

"Ni yangu, Mama Akinyi!"

"Yawa! Mtangazaji mwenye sauti nzito hivi, miguu ni kama ya kuku?"

Vicheko vikaongezeka. Hakuwa peke yake.

"Mama, mmekuwa mkinisikia?"

"Tumesikia kila kitu."

"Kila kitu kama nini?"

"Ile ya Bosi na tumbo. Ile ya mkanda."

"Na maombi?"

"Tulisema amina."

Na rumba ikaisha.

Marafiki, kimya cha redio si kama kimya kingine. Kilianza mbele yangu kwenye spika, kisha nikakisikia nyuma yangu mlimani, redio zote zikinyamaza pamoja. Hapo ndipo nilipojua ni nyingi kiasi gani. Nikamwona yule mzee wa Sotik akinyoosha mkono kugeuza stesheni. Nikamsikia shangazi akisalimiwa wiki ijayo.

Nilifungua mdomo niseme lolote. Habari za asubuhi, hali ya hewa, lolote. Badala yake kikatoka kitu ambacho sikukipangia, kwa sauti iliyobanwa na fremu ya dirisha:

"Nani amebaki nyumaaa?"

Mama Akinyi akajibu huku akicheka: "Tunamngoja!"

Nikarudia. Safari hii wakajibu wale waliokuwa naye, na hawakuwa wakicheka sana.

Nikarudia mara nyingine. Na jibu lililokuja, jamani, sijui niliandikeje. Liliingia kwa ukuta. Lilipita kwenye trei za mayai kana kwamba hazipo. Lilianza shamba la chini, likapanda mteremko wa kushoto, likazunguka. Wanawake kwanza, kisha sauti nene za wanaume, kila mmoja kwa lafudhi ya kwao. Nusu yao lazima waliujua wimbo huo kabla sijazaliwa. Nusu nyingine ni mimi niliyewafundisha asubuhi hiyo hiyo, nikiwaambia hauwezi kuvuka bonde. Halafu kukawa na nafasi ndogo, kama pumzi, na kutoka mbali, ng'ambo ya mto, wakajibu wengine. Sauti zao zilikuja zimechelewa kidogo, nyembamba, lakini zimekamilika.

"Tunamngojaaa!"

Nilisahau kiuno. Nilikuwa nikining'inia dirishani kama shati, na sauti yangu ilikuwa inatoka, inaingia katika redio za watu nisiowajua, nao wananirudishia ikiwa kubwa kuliko nilivyoitoa. Nikawaza: mama alikuwa anaongoza hii. Kila siku. Bila maiki. Kisha anarudi nyumbani, anapika ugali, na hasemi lolote ila akiulizwa.

Nilitaka kuuliza swali. Sikuwa nalo.

Nyuma yangu kukawa na mjadala. "Tumvute ama tumsukume?" "Ukivuta atabaki nje, na kazi iko ndani." "Basi shika huo mguu." Wakanisukuma kwa pamoja, kwa wimbo, kama wanaokwamua gari kwenye matope. Mkanda ukakatika. Niliruka ndani kama samaki, nikaangukia kiti, nikabofya wimbo wa kwanza nilioufikia. Mchunga ng'ombe wa Amerika akaanza kulia. Sijawahi kumpenda hivyo.

Ndipo nikahisi baridi miguuni.

Suruali ilikuwa imebaki dirishani, nusu yake ikipepea upande wa Mama Akinyi. Naye, Mungu amsamehe, akapanda ile kreti, akaegemea dirisha na kuimba kuelekea maiki (ambayo bado, bado, sikuwa nimeizima):

"Suruali imebaki nyumaaa!"

Na mlima wote, pamoja na ng'ambo ya mto:

"Tunaingoja!"

Simu ilianza kulia. Bosi. Nikapokea nikiwa nimejifunika kalenda ya ukutani.

"Kiprono. Mimi ni mchoyo wa nini?"

"Bosi, nilikuwa nimekwama."

"Huyu mzee amenisimamisha hapa kando ya daraja. Amekataa twende."

"Amekasirika?"

"Alikuwa anaitikia! Ameweka kichwa nje ya dirisha, anaitikia kama mtoto! Anasema mama yake alikuwa mchuma chai." Bosi akakohoa. "Ataleta matangazo. Ameomba yawe kwa kipindi chako, si kingine. Ila anauliza, wiki ijayo utakuwa unakwama saa ngapi?"

Kipindi kinaishi. Kitasa pia kinabadilishwa Jumatatu.

Mchana akanipigia mama. Yuko Chebunyo siku hizi na mbuzi wake. Mawimbi yetu hayafiki Chebunyo, lakini umbea ulikuwa umefika.

"Nasikia ulikuwa nusu nje," akasema.

"Ni kweli, mama."

"Na wakaitikia?"

"Wakaitikia."

"Mpaka ng'ambo ya mto?"

"Mpaka ng'ambo ya mto, mama. Nilisikia mwenyewe."

Nikangoja aseme "si nilikuambia?" Ilikuwa haki yake, na nilikuwa tayari. Nikasikia mbuzi, nikasikia akivuta pumzi.

"Haya," akasema. "Ile sauti ya pili uliyoahidi, kwaya ya hapo Litein hukutana Jumatano. Nimeshampigia mwalimu wao."

Kwa hiyo ndugu zangu, naomba msinicheke. Na mkishindwa, chekeni polepole: leo nimepata ushahidi kwamba huku kwetu sauti inavuka bonde.