Jumba la Saa na Nyufa Zangu

Jumapili, 5 Mei

Kwako daftari, salamu nyingi. Binti yangu, yule wa duka la dawa, ndiye aliyekuleta. Anasema presha yangu inapanda kwa sababu mambo nayarundika kifuani, bora niyaandike. Nikamwambia mimi najua kuandika barua tu. Ndicho tulichofundishwa darasa la watu wazima kabla mwalimu hajahamishwa. Akasema basi andika barua, mama, hakuna atakayeisoma.

Barua bila salamu ni kama kuingia kwa watu bila hodi. Kwa hiyo: mimi mzima, ila presha. Baba watoto mzima, anachora mabango ya maduka. Mgongo humuuma akiwa na kazi, asipokuwa na kazi haumuumi. Mama mkwe mzima, masikio yake mazima kuliko yangu, magoti ndiyo yamegoma. Binti mzima, unamjua. Wapangaji wa juu wazima, nawasikia wakiburuta meza. Paka mzima. Na jumba letu, Jumba la Saa, nalo lisalimiwe, maana ndilo linalonipandisha hiyo presha.

Baraza la jiji linakata shauri Ijumaa. Kuna wanaosema jumba ni la kale, lilindwe. Kuna wanaosema mtaa hauna maji, livunjwe, pajengwe kituo cha pampu. Sisi tumekaa humu tangu binti hajaota meno. Likivunjwa twende wapi? Na magoti yale ya mama mkwe?

Na anayepigia debe maji ni nani? Bi Mkasi! Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Hatusalimiani tangu aliponishonea gauni la harusi ya mpwa wangu. Mikono ilibana mpaka nikashindwa kumpigia bibi harusi makofi. Watu wakadhani nina kinyongo na ndoa.

Jumatatu, 6 Mei

Nimekwenda ofisi za baraza. Karani hakuinua hata macho. Akasema kuna watu watakuja kukagua jumba kesho, na wengine Alhamisi. Nikashukuru, nikatoka. Sikuuliza wa kesho ni watu gani. Mtu wa elimu ndogo akiuliza sana anaonekana ana elimu ndogo. Ni wa historia, wale wa kulilinda jumba, bila shaka. Wazee hutangulizwa, na mambo ya wazee vilevile.

Tatizo: jumba limezeeka lakini halionekani. Baba watoto alilipiga chokaa mwaka jana, likawa kama bibi aliyejipaka poda. Nimeamua kumfuta poda. Maji ya chai ya rangi kwenye mlango. Majivu kwenye madirisha. Halafu nikachukua mchi wa kinu. Watu wa historia wanapenda nyufa. Nimeona picha za magofu kwenye kalenda ya duka la dawa. Nyufa tupu, na wageni wamesimama mbele wanacheka.

Nikapiga ukuta wa uani. Lipu ikadondoka vizuri. Nikahamia wa mbele. Pigo la mwisho, saa ya juu ya paa ikagonga! Ngo! Mara moja tu. Saa ambayo haijawahi kutikisika tangu tuhamie! Mtaani kwetu, asiyetaka kutimiza ahadi hukwambia subiri igonge saa ya Jumba. Watu wakatoka nje, wenye ahadi zao wamekunja uso.

Mama mkwe akatoka na mkongojo, akanikuta mchi uko hewani. Nikamwambia natwanga. Akauliza tangu lini ukuta ukawa kinu. Hakungoja jibu. Akaenda moja kwa moja kwa fundi viatu, ambaye siku zote anamwambia viatu vyake vitakuwa tayari ikigonga saa ya Jumba. Magoti yakaacha mgomo. Amerudi na viatu miguuni.

Jumanne, 7 Mei

Wamekuja! Wanaume wawili, wamevaa kofia ngumu za njano. Nikajisemea, watu wa historia wa siku hizi wanajikinga. Nikawapa chai. Nikawatembeza. Kila ufa nimewaonyesha. Mmoja nilimshika mkono nikaingiza kidole chake kwenye ufa. Nikawaambia ukuta huu ukiuegemea unaondoka nao. Nikawaambia mvua ikinyesha, jumba linakohoa usiku kucha. Wakaandika, wakaandika! Moyo ukanipoa kama mtungi.

Mkubwa wao akauliza kama hatuogopi kulala humu. Nikamjibu kwa fahari kwamba tunaogopa kila siku. Akanitazama kwa huruma. Akachovya brashi akachora alama ya X nyekundu ukutani, kubwa kama mlango. Nikaona kumbe ndiyo alama ya vitu vya kale. Nikawapungia mkono mpaka wakakata kona.

Baadaye.

Binti karudi kutoka kazini, kasimama mbele ya alama. Akaniambia taratibu, kama anavyomweleza mgonjwa dozi, kwamba wale ni wahandisi wa maji. X maana yake ni nyumba ya hatari, ivunjwe.

Na sukari yote nimewamalizia. Uso wangu sijui niuweke wapi. Jumba nimelibomoa kwa mkono, halafu nimelibomoa tena kwa mdomo.

Jumatano, 8 Mei

Sijatoka nje. Nachungulia tu. Wapangaji wa juu wameanza kufunga mizigo. Mama wa huko juu kashuka kuniuliza nani kawaambia wahandisi kwamba jumba linakohoa. Nikasema labda wamelisikia wenyewe. Mtoto wake mgongoni alikuwa ananitazama bila kupepesa. Watoto wachanga wanajua mambo.

Lakini nimefikiri. Maji yakimwagika hayazoleki. Lipu ikimwagika inazoleka! Nimeizoa, nimeikanda na magazeti, nimeziba kila ufa. Halafu nikakumbuka kopo kubwa la rangi ya buluu ya baba watoto, lililobaki kutoka bango la duka la vipodozi. Mwenyewe alikuwa kazini. Nikafuta X kwanza. Brashi nayo ikishamzoea mtu haimwachi. Nimepaka ukuta wote wa mbele. Lile jiwe la juu ya mlango lenye mwaka uliochongwa, nalo nimelipaka, lilikuwa limejaa uchafu hata halisomeki. Sasa jumba linang'aa kama kopo la losheni. Wahandisi wakirudi watadhani wamepotea mtaa.

Baba watoto ndiye aliyepotea. Kaupita mlango, kaenda mpaka mwisho wa barabara, kageuka, kaupita tena. Alipoingia alikaa akashika mgongo, na leo kazi alikuwa ameshamaliza.

Alhamisi, 9 Mei

Watu wa historia ndio wa leo. Leo! Rangi haijakauka.

Mama mmoja wa miwani na mzee wa suti nyeupe. Nyeupe, mama yangu! Nikaona anachoka, anatafuta pa kuegemea. Nikafungua mdomo kumzuia, na mgongo wake ukawa umeshafika. Alipobanduka, nusu ya suti ilikuwa buluu, na ukutani pamebaki umbo la mzee.

Wakauliza jiwe la mwaka liko wapi. Bila jiwe hilo hawana cha kuonyesha barazani kwamba jumba ni la kale. Nikanyoosha kidole juu. Yule mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaona buluu ileile. Akauliza nani kafanya hivi.

Baba watoto akasema ni yeye. Akasema yeye ni mpaka rangi, mkono ulimponyoka. Mama wa miwani akamwambia maneno makali, mwanaume mtu mzima, mbele ya jirani zake, na yeye anatikisa kichwa kukubali. Mimi nimesimama pale, kucha zangu za buluu nimezificha ndani ya khanga. Sikumkanusha. Mgongo mbovu vile, na mzigo wangu nimemtwisha.

Sikula. Yeye kala, akaniuliza kwa nini sili. Nikamsogezea na sahani yangu.

Ijumaa, 10 Mei

Nilivaa gauni la Bi Mkasi makusudi, aone mbele za watu alichonifanyia. Ukumbi wa baraza umejaa. Mhandisi mkubwa akasoma ripoti: kuta zimepasuka, na hata mkaazi mmoja mama kakiri kwamba wanaogopa kila siku. Watu wakageuka kutafuta mkaazi. Mimi nikaikagua dari.

Halafu akaitwa Bi Mkasi. Nikajiweka tayari kumchukia. Akasema ni kweli anataka maji, mama yake mzee anabeba ndoo kutoka kioski cha mbali. Lakini hakuna siku alitaka jumba livunjwe. Uani kwetu pana nafasi tele ya pampu. Yeye ndiye aliyekwenda kuwaeleza hivyo, akarudi, akaenda tena, mpaka wahandisi wakakubali. Wakakubali mpaka Jumanne, walipotembezwa. Sasa wanasema kuta ni mbovu, wakichimba uani jumba litaanguka. Akasema anaishi na ile saa. Kila akiinua macho kwenye cherehani ndiyo anayoiona. Haijawahi kumwambia ukweli, akasema, lakini hata ndugu zake hawamwambii.

Watu wakacheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Niliyemnunia miaka yote ndiye aliyekuwa akinipigania, na mimi na mchi wangu tumemwangusha.

Nilitaka kusema. Haki ya Mungu nilitaka. Nikainua mkono, ukaishia usawa wa bega. Mikono ya gauni! Nikajaribu wa pili, vilevile. Nikabaki nimenyoosha yote miwili kama ndege anayekausha mabawa. Mwenyekiti hakuniona.

Mama mkwe ndiye aliyeonekana. Kagonga mkongojo sakafuni, kaomba ruhusa ilhali ameshaanza kusema. Akasema zile si nyufa za jumba, ni nyufa za mkwe wake. Kazichonga Jumatatu kwa mchi, na ushahidi ni viatu hivi. Akainua mguu. Mwenyekiti akauliza viatu vinahusikaje. Fundi viatu, aliyejificha nyuma kabisa, akasema bibi anasema kweli, saa iligonga, na yeye hakuwa amejiandaa, ilibidi ashone mbiombio.

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata mhandisi. Mwenyekiti akauliza huyo mkwe yupo? Nikasimama. Mshono wa kwapa ukafanya praa! Ndipo mkono ukainuka. Nikasema ni mimi. Nyufa ni mimi, na rangi ni mimi, mume wangu hana kosa, hata brashi hakuishika. Sauti haikutoka yote. Iliyotoka ilitosha.

Baraza limeamua hivi. Wahandisi warudi Jumanne wakagonge kuta wenyewe, bila mwenyeji kuwatembeza. Zikiwa imara, jumba linabaki na pampu inakwenda uani. Zisipokuwa imara, linavunjwa. Rangi naikwangua mimi.

Njiani baba watoto kanibebea mkoba. Nikamwomba msamaha. Akasema buluu ile ilikuwa ya bei, basi.

Jumamosi, 11 Mei

Nakwangua. Mtaa unatazama. Wengine wamekuja na viti.

Bi Mkasi akavuka barabara. Nikajua anakuja kunicheka, na haki anayo. Akasema nilete gauni alishone kwapa. Akasema pia, pole pole, kwamba siku ile ya kunipima nilivuta pumzi nikajibana nionekane mwembamba, na yeye alishona alichopimishwa. Ni kweli. Nilivuta. Nikamsalimia. Akaitikia. Akachukua kisu, akakwangua upande wa kushoto, mimi wa kulia, tukakutana kwenye jiwe la mwaka. Tarakimu zote zipo. Binti kapanda ngazi kuzisugua kwa mswaki. Mama mkwe anasimamia kazi kutoka kwenye kiti, anatuambia palipobaki.

Umbo la mzee wa suti limeacha kivuli hafifu. Bi Mkasi kasema liachwe, nalo siku moja litakuwa historia.

Jumapili, 12 Mei

Kwako daftari, salamu tena. Baba watoto mzima, na mgongo mzima, leo hakuna kazi. Mama mkwe mzima, hatembei tena bila kuonyesha watu viatu. Binti mzima. Wapangaji wa juu wazima, wamefungua mizigo, wanaburuta meza. Paka ana mkia wa buluu, vinginevyo mzima. Bi Mkasi mzima, namsalimia asubuhi na jioni kufidia.

Nimejifunza. Kila mtu nimemwapia, mmoja mmoja, kwamba ukuta wa jumba hili siugusi tena maisha yangu yote.

Ila.

Leo nimesogeza pipa la maji nifagie nyuma yake. Pana ufa. Mwembamba, umepinda. Si wangu, zangu nazijua kama wanangu. Huu ni wa jumba lenyewe, pengine uko hapo tangu jiwe lichongwe. Pengine si kitu. Lakini wahandisi wanakuja Jumanne, na mtaa mzima unanisubiri mimi upate maji. Mwenye akili angewaonyesha.

Mimi nimeona hivi: kupaka simenti si kugusa ukuta, ni kuuongezea. Nimekwisha azima kopo moja la simenti kwa wapangaji wa juu. Nimesema ni la kuziba jiko. Nimechemsha na chai ya rangi, ili simenti ikikauka ionekane ya zamani. Pipa nitalirudisha palepale. Nani atajua?

Binti yangu, najua unasoma humu. Jana nimezikuta kurasa zinanukia dawa ya kikohozi. Hujanigombeza, kwa hiyo tuko pamoja. Usimwambie baba yako. Niandikie jibu hapa hapa chini, upesi, lisipite kesho jioni: simenti mbichi ikigongwa, inatoa sauti gani?