Ufa wa Jumanne

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu katangaza: kikosi cha upimaji kinahitaji kiongozi. Atachagua kati yangu na Shemeji. Atakayekosa huenda akahamishiwa stoo, kuosha mawe na kuyabandika namba. Mimi, stoo? Na mama mkwe nimeshamwambia kiongozi ni mimi!

Kazi yenyewe ni kutafuta ufa wa kale, uliopasua mwamba huko chini enzi ambazo hakukuwa na mtu wa kuuona. Juu yake sasa ni majani tu. Mimi natembea na kipima sumaku, fimbo ndefu yenye kichwa kama kopo. Shemeji, mdogo wake mke wangu, ana kipima mvutano, cha kupima jinsi ardhi inavyovuta vitu. Anakiweka chini, anasubiri kitulie, anasoma, anahama. Mwendo wa kobe.

Mbinu: mtu aonekane kiongozi kabla hajawa. Nimenunua mkanda mpya. Chuma chake cha mbele kipana kama kisahani, kinang'aa balaa.

Jumanne, 4 Machi
Mkanda kiunoni. Nimepima mstari wa kati, kutoka barabarani hadi mtoni. Namba zimepanda vizuri ajabu. Shemeji kauliza mbona leo natembea na tumbo mbele. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi
Ushindi! Ramani imetoka. Katikati kuna mstari mwekundu, umenyooka kama umepigwa rula. Mkuu kasimama kabisa, akasema hajawahi kuona ufa safi namna ile. Ijumaa inakuja mashine ya kuchimba. Shemeji kasema taratibu kwamba kipima chake hakioni kitu pale. Chenyewe kinaonyesha mvutano umepungua kule karibu na kilima. Mkuu kamwambia avute subira. Nimempigia mama mkwe.

Jioni. Maskini mimi. Nimevua mkanda, nikauweka mezani kando ya dira. Sindano ikageuka ikautazama. Nikausogeza kushoto, ikaufuata. Kulia, ikaufuata. Ufa wangu unaanzia nilipoanzia Jumanne na kuishia nilipoishia. Nimepima kiuno changu mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Nilikwenda kukiri. Mkuu kafungua mlango, akaniita "kiongozi". Nikamuuliza hali ya watoto, nikarudi zangu.

Mbinu ya pili: kipima cha Shemeji hakipendi mtikisiko. Nikikanyaga chini kwa nguvu karibu naye, namba zake zitavurugika, na tukiwa tumevurugikiwa wote hapatakuwa na wa kupelekwa stoo. Nikamfuata mstari mzima nikijifanya nafanya mazoezi. Yeye kakunja mikono, kasubiri. Nimekanyaga mpaka pumzi zikakata, nikakaa. Kifaa kikatulia. Akasoma, akaandika, akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni misuli.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi mashine hiyo hapo, inanguruma. Wakikuta mwamba mzima, stoo inaniita.

Shemeji kamwendea Mkuu, akaomba mstari wa kati upimwe tena kabla ya kuchimba, ili kuwa na uhakika. Mkuu kanung'unika, akakubali. Kisha Shemeji akaja kwangu, akasema polepole:

"Shemeji, vua mkanda. Na funguo nipe mimi."

Alikuwa anajua! Tangu Jumatano, kasema. Ufa gani huo unaoanza mtu akianza kazi na kwisha akienda kunywa chai? Alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe. Aibu niliyoiona leo, sijui niiweke wapi.

Nikapima upya, mkono mmoja fimbo, mkono mmoja suruali. Ramani mpya: wekundu umepotea wote. Kumbe ulikuwa umefunika kila kitu! Sasa unaonekana mstari hafifu wa buluu, rangi ya namba zilizoshuka, karibu na kilima, umekata njia nilizopima kabla ya mkanda, na umelala palepale Shemeji aliposema. Mkuu kauliza ule mwekundu umekwenda wapi. Shemeji kajibu kwamba chuma kilikuwa karibu na kifaa, kimeondolewa. Akaishia hapo. Mungu amzidishie.

Mashine ikahamishiwa kilimani. Alasiri ikatoa mawe yaliyosagika na kugandamana upya. Ufa wenyewe! Shemeji ndiye kiongozi. Na mimi? Mkuu kasema sumaku na mvutano vimesema neno moja, kwa hiyo wapimaji wote wawili wanabaki. Nabaki! Nilishusha pumzi mpaka dereva wa mashine akageuka. Nyumbani nimekula sahani mbili. Mama mkwe nimemwambia nimewaachia vijana nafasi.

Jumapili, 9 Machi
Kesho tunaanza eneo jipya. Uongozi wa Shemeji si wa milele, na Mkuu ana macho. Safari hii nimejipanga. Mkanda nimeufungia kabatini. Mimi si mtu wa kurudia kosa. Kiunoni nitafunga kamba. Na mtu wa stoo kanipatia viatu vipya, vizito, vya heshima, ncha zake chuma kitupu. Nimeving'arisha mpaka najiona.