Ng'ombe Waliozaliwa kwa Mdomo

Mjini Busia, upande wa Uganda, Engole alijulikana kama mtu anayeweza kumuuzia samaki maji. Haikuwa haki kumwita mwizi. Yeye alisaidia watu kuachana na mali zao, kwa upole, na wengi walimshukuru kabla hawajafika nyumbani.

Asubuhi moja alikuwa akinywa chai katika hoteli iliyo karibu na mpaka, akamsikia mzungu wa makamo akimweleza mhudumu, bila kuulizwa, kwamba yeye ni Nigel Prowse, mwigizaji wa televisheni huko Uingereza. Kila Jumapili alicheza daktari wa mifugo. Isitoshe, alikuwa diwani wa mji wake. Alikuwa anakwenda Tororo kutazama jabali.

Engole akaweka kikombe chini. Mwigizaji na mwanasiasa! Mtu mmoja, kazi mbili za kusema maneno yasiyo yake, na Kiswahili hajui. Mungu akikupa embe lililomenywa, unatafuta kisu cha nini?

Alimpigia simu Okanya, mwenye mashine ya kusaga mahindi kule Buteba, aliyekuwa akigombea uenyekiti wa huko huku watu wakiikumbuka mizani yake iliyowapunja.

"Mzee, niko na kansela, diwani ya Uingereza. Leo anaweza simama na wewe mbele ya watu."

"Kansela mzima?"

"Mzima kabisa. Tena ni daktari ya ng'ombe."

"Anataka nini?"

"Yeye hataki kitu. Ni mimi nachoka kutembea."

Okanya alielewa. Alikuwa na pikipiki nyekundu ya kampeni, na Engole alikuwa ameitamani tangu siku ilipoteremshwa. Tapeli anayekuja kwa miguu haheshimiwi na mtu.

Prowse alikubali mara moja aliposikia kwamba njiani kuna mkutano unaoomba hotuba yake, na ndani ya gari lake Engole alimfundisha neno moja tu. "Nikikugusa, mshike mzee Okanya begani, useme 'huyu'. Maana yake, ndiye mtu mwenyewe." Prowse alilirudia neno hilo njia nzima, kwa furaha, kwa huzuni na kwa kunong'ona, kama watu wa kazi yake wafanyavyo.

Mkutano ulijaa. Okanya alimkabidhi Engole ufunguo wa pikipiki kwa siri, na Prowse akasimama. Kiingereza chake kilipitia puani, hata waliosoma wakaona heri wamngoje mkalimani. Alieleza jinsi baraza lao lilivyopigania mapipa ya taka.

"Anasema," Engole akapaza sauti, "mzee Okanya ni rafiki yake, na kila nyumba itapata ng'ombe ya maziwa!"

Vigelegele.

Prowse akaeleza, kwa uchungu, jinsi maktaba yao ilivyofungwa.

"Ng'ombe yenyewe iko na mimba!"

Kina mama wakaruka. Prowse alikuwa amesimama mbele ya hadhira nyingi, na hakuna iliyowahi kupigia vigelegele kifo cha maktaba. Akamtazama Engole kwa muda, kisha akatabasamu.

Amongin, kiongozi wa kikundi cha kina mama, akasimama. "Sisi nashukuru. Lakini mzungu anarudi kwao. Hiyo ng'ombe, nani ataleta? Atuonyeshe mtu."

Okanya, aliyekuwa akichekea kila ng'ombe, alirudi nyuma hatua moja. Engole akamgusa mgeni.

Swali lile halikuhitaji tafsiri. Diwani huulizwa hilo kila mkutano, kwa sauti ileile, na barabara ikiharibika hatoi ahadi, huonyesha ofisa. Prowse akageuka polepole, akampita Okanya, akaweka mkono begani mwa Engole. Chozi likamtoka, chozi la Jumapili.

"Huyu," akasema.

"Jamani!" Engole akalia. "Mimi mkalimani tu! Maneno ni yake!"

"Yake ilikuwa Kiingereza," Amongin akasema. "Sisi hapana sikia. Ng'ombe ilitoka kwa mdomo yako."

Wazee wakaafiki. Hata posa ikiharibika, anayeulizwa kwanza ni mshenga.

"Leta ufunguo, sisi naona mzee nakupa," Amongin akaendelea. "Pikipiki itakaa kwetu mpaka ng'ombe ifike."

Engole akamtazama Okanya amwokoe. Okanya alikuwa akizihesabu kura.

"Kina mama wamesema kweli," akatamka kwa unyenyekevu, na akashangiliwa kwa mara ya kwanza tangu aanze kampeni.

Prowse akapewa jogoo, akaondoka akipunga mkono dirishani kama aliyemaliza kuzindua daraja. Engole akataka kulifuata gari, lakini kina mama walikuwa wamemzunguka, na mmoja alikuwa na jembe.

"Ng'ombe ya mimba hailali nje," Amongin akasema. "Anza zizi, mheshimiwa."

"Zizi la ng'ombe wangapi?"

"Nauliza sisi? Wewe nalisema kila nyumba."

Engole akainua macho. Nyumba zilianzia barabarani, zikapanda kilima, na moshi ulionyesha kwamba nyuma ya kilima kulikuwa na nyingine. Akavua shati, akachimba.