Seoul kwa Bei Chee, Mimi na Wifi Yangu

Jumatatu, 14 Aprili

Tumefika Seoul. Shingo imekakamaa. Tangu basi litoke kwetu Mungyeong wifi yangu Jeom-rye amenilalia begani, anakoroma kama mashine ya kusaga. Sikumwamsha. Akiwa usingizini hapangi kitu, na mimi nataka asipange kitu.

Niandike wazi, maana humu hasomi mtu. Kikundi chetu cha akina mama kitakuja Seoul wakati wa vuli, basi zima. Kinatafuta kiongozi wa msafara. Tunaowania ni wawili: mimi, Mal-sun, na Jeom-rye, dada wa marehemu mume wangu. Mwenyekiti akaamua tutangulie pamoja tuukague mji. Atakayeonyesha jinsi ya kuutembea kwa bei chee ndiye atakayeshika bendera.

Naitaka ile bendera. Maisha yangu yote nimetembea nyuma ya bendera za wengine.

Hosteli iko kichochoroni, nyuma ya soko. Chumba cha wanawake, vitanda vya dabodeka, kila kitanda na pazia lake. Ukutani wamebandika: WIFI BURE. Nikasimama naisoma. Mimi nimekuja na wangu, na bure hajawahi kuwa.

Jeom-rye amejitwalia kitanda cha chini. Eti yeye mkubwa. Mimi nimepanda ngazi. Sawa tu! Jenerali hukaa kileleni.

Jumanne, 15 Aprili

Leo nimeiona silaha ya adui. Jeom-rye ameshavuka sitini na tano, kwa hiyo treni ya chini ya ardhi anapanda bure! Kagusisha kadi ya wazee getini, geti likamlilia kwa adabu, akapita kama malkia. Mimi nikabaki nyuma natafuta nauli. Kwa karatasi nina sitini na nne. Tena nina hakika umri ninao, ila baba alichelewa kuniandikisha, eti matufaha yalikuwa hayajaisha kuvunwa. Miaka yote nimemringia Jeom-rye kwamba mimi bado mbichi. Leo ningetoa jino nizeeke kabla ya chakula cha mchana.

Lakini akili ninazo. Anayevaa hanbok, vazi letu la jadi, halipi kiingilio kasri la Gyeongbokgung. Nilikuwa nimeificha hanbok yangu ya harusi chini kabisa ya begi. Ikanikataa. Nikaifunga kwa pini mgongoni, nikajitupia shali, nikaenda kifua mbele. Treni nzima inanitazama. Watazame!

Kasri limefungwa. Jumanne huwa linafungwa.

Watalii waliokuja bure kama mimi hawakuwa na cha kupiga picha, wakanipiga mimi. Nikainama kuwasalimu. Pini zikaachia, moja baada ya nyingine, nazisikia. Nikarudi kinyumenyume mpaka ukutani, nikakaa hapo natabasamu mpaka wakaondoka.

Jeom-rye alikuwa kwenye benchi anatafuna mahindi ya kuchemsha. Nikamuuliza kama alijua. Akasema alijua tangu jana. Mbona hakuniambia?

"Ulipendeza mno, wifi. Ningekuambia, ungeivua."

Sumu. Sumu tupu, na imepakwa asali.

Jumatano, 16 Aprili

Chakula. Hosteli inatoa mkate na mayai asubuhi, bure. Nilichemsha mayai ya kutosha na kujaza mifuko ya koti kwa ajili ya mchana. Moja lilikuwa halijaiva. Nimeligundua nilipokaa.

Mpango wa pili, bora zaidi. Chini ya duka kubwa la Myeong-dong kuna vyakula, na wauzaji wanaonjesha. Mtu mwenye nidhamu anaweza kuzunguka mpaka akashiba. Nilizunguka. Mandu zetu za unga na nyama, samaki wa kukaanga, kimchi ya figili iliyochachushwa. Raundi ya pili nikavaa kofia. Raundi ya tatu nikavua kofia, nikavaa miwani ya jua, na nikabadilisha mwendo, nikachechemea kidogo.

Binti wa mandu akanishika kiganja kwa mikono miwili. Akasema, kwa upole wa kutisha: "Mama, sasa jaribu za pilipili. Zile nyingine umeshazionja mara mbili. Na pole na mguu."

Nikala za pilipili. Ningefanyaje? Zilikuwa tamu.

Nikatoka nachechemea mpaka nje, maana aliendelea kunitazama. Nikamkuta Jeom-rye na mfuko umejaa. Kumbe alinunua pakiti moja tu ya mwani, akampigia muuzaji soga za mjukuu wake, yule mama akamwongezea, na jirani yake naye akaongeza. Akanipa nusu. Nikakataa. Baadaye nikala. Hakuna aliyeniona ila yeye.

Alhamisi, 17 Aprili

Siku mbaya. Naiandika kwa ufupi.

Baada ya chakula Jeom-rye alijilaza, akafunga pazia, mashine ya kusaga ikawaka. Pochi yake ilining'inia kwenye ndoano. Nikasema moyoni: kadi imelala, yeye amelala, hakuna anayepoteza kitu. Nimeazima tu.

Stesheni geti likalia kwa adabu ileile. Jamani, utamu wa sauti ile! Nikapita kama malkia. Askari wa stesheni akaniomba nisimame pembeni.

Akauliza jina. Nikasema Gu Jeom-rye, bila kutetemeka. Akauliza mwaka wa kuzaliwa.

Huyu mwanamke tumekaa jiko moja tangu niolewe. Tumetengeneza kimchi pamoja kila majira ya baridi. Tumemzika kaka yake pamoja. Na sijui amezaliwa lini.

Askari akaniuliza basi ni mwaka wa mnyama gani, maana kwetu kila mwaka una mnyama wake. Nikasema nyoka. Akatikisa kichwa. Nikasema sungura.

"Mama, huu si mnada."

Alipiga simu hosteli. Jeom-rye akaja na ndala za bafuni, nywele zimesimama upande mmoja. Nikajua imekwisha. Atapiga kelele, kisha ataisimulia Mungyeong nzima, saluni ya nywele ikiwa ya kwanza. Hakupiga kelele. Alimwinamia askari, akasema: "Huyu ni wangu. Tusamehe, mwanangu. Faini ni ngapi?"

Faini ni mara thelathini ya nauli. Imemeza kila nilichobana tangu Jumatatu, na nyingine ameongezea yeye. Njia nzima alitembea kando yangu na ndala zake. Nilitamani anitukane.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimeamka na nia mpya. Nimeshindwa kwenye treni, nitashinda kwa miguu. Mlima Namsan unapandwa bure na yeyote mwenye magoti. Kule juu mji wote uko chini yako, hakuna mtu wa kukuuliza mwaka wa kuzaliwa. Nikamwambia Jeom-rye apande gari la waya, nitamkuta kileleni. Akasema atatembea na mimi.

Magoti yake ni mabovu kuliko yangu. Nilikaza mwendo makusudi. Nikisikia anahema, nakaza zaidi. Kisha sikusikia kitu. Nikageuka. Amekaa kwenye ngazi, mbali chini, ameshika goti.

Nikashuka. Naandika hili ili ijulikane kwamba nilishuka mwenyewe.

Nikamkanda goti. Tukala mayai. Akasema kaka yake alituahidi kutuleta hapa sisi wawili, kila mwaka akasema matufaha yakiisha. Akacheka, macho yamelowa. Nikamuuliza kwa nini basi anang'ang'ania bendera, mtu asiyependa hata kusimama mbele ya watu. Akasema haitaki. Alipeleka jina lake kwa sababu alijua mwenyekiti atatutuma pamoja.

"Ningekuomba tu, wifi, tuje Seoul tutembee, ungekuja?"

Nisingekuja. Anajua. Nikamenya yai lingine nikampa.

Nikamuuliza amezaliwa lini. Akanitajia, mwezi wa tatu, siku ya theluji. Tulifika kileleni tumeshikana mikono, polepole. Ukungu mtupu, mji hauonekani. Tukakaa hapohapo tukautazama ukungu. Sijaona kitu kizuri namna hiyo muda mrefu.

Njiani tukishuka nikawaza: kama haitaki bendera, basi nimeshashinda! Nikaharakisha kidogo. Akasema taratibu, wifi. Nikapunguza.

Jumapili, 20 Aprili

Nyumbani. Kikundi kilikutana mchana kwa mwenyekiti. Nilijiandaa kujitetea kuhusu stesheni, nilikuwa na maelezo aina tatu. Hayakuhitajika. Jeom-rye akasimama mwenyewe, akasema Mal-sun ameukagua mji kwa mwili wake wote. Akaeleza habari za hanbok, akataja siku ya kasri kufungwa, akasifu mandu za pilipili. Stesheni hakuigusa. Kisha akanipendekeza. Mikono yote ikapanda.

Bendera ni yangu. Ya njano. Nimelia kidogo, nikasema ni chavua za matufaha.

Nimeapa mbele ya wote: msafara wa heshima, kila kitu kwa njia iliyonyooka, ujanja basi. Nilimaanisha kila neno.

Jioni nikaenda na Jeom-rye kwa Bwana Ma, mwenye basi la kukodi, kupanga safari. Tunakunywa chai, yeye anapiga soga za kazi yake. Akasema dereva akileta basi lililojaa abiria kwenye mgahawa wa barabarani, yeye hula bure. Sahani yoyote aitakayo. Kwenda na kurudi!

Nikaweka kikombe chini.

Jeom-rye akaniangalia. Akasema: "Wifi, hapana."

Nimeshamwomba Bwana Ma anifundishe. Anasema basi ni refu, lina gia nyingi, na njia ina makona makali. Nimemwambia mpaka vuli kuna muda tele. Naanza kesho asubuhi, na Jeom-rye amekubali kukaa kiti cha mbele, sharti avae kofia ya pikipiki. Sioni ugumu wowote. Sijawahi kuendesha hata baiskeli, kwa hiyo sina mazoea mabaya ya kuacha.