Kompyuta Ndani ya Kompyuta

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimeanza kuikoa karakana ya Shangazi. Mashine yake ya kudarizi inatii programu moja tu, na programu hiyo inakubali kompyuta moja tu, kizee kinachokoroma. Nimemletea mpya. Inang'aa! Nimemweleza kwamba ndani yake nitaweka nyingine ya kuigiza, ijifanye ndiyo ile ya zamani, na programu haitajua kama imehamishwa. Shangazi kauliza, na mashine nayo itadanganyika? Nimecheka. Moyoni sikucheka. Gauni la harusi la binti yake linatakiwa Jumamosi. Nikifaulu, funguo za karakana ni zangu. Nikishindwa anapewa Shemeji, mume wa dada yangu, mpiga pasi asiyejua hata kuwasha kompyuta. Kizee kakibeba yeye, eti kisitupwe. Haya, abaki nacho.

Jumanne
Ya ndani imewaka! Nimepiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Lakini wapi! Mashine ya kudarizi haionekani. Waya umechomekwa kwenye kompyuta ya nje, ya ndani haina habari. Nimechomoa, nimechomeka, nimebembeleza. Shemeji kapita na pasi yake, kauliza kama mgonjwa amekula.

Jumatano
Imeonekana! Ua la kwanza likaanza kudariziwa, nami nikaenda kunywa chai ya ushindi. Kurudi, ya nje imelala, na ya ndani imelala nayo. Sindano imesimama katikati ya ua. Nani alijua zinalala pamoja? Sasa nimekaa natikisa kipanya, sithubutu hata kwenda msalani. Bibi harusi kaja, kaona nusu ua, kalia. Na mimi kidogo tu nilie.

Alhamisi
Ya ndani inalalamika imejaa. Nikaona folda kubwa: michoro yote ya maua ya Shangazi, kazi ya maisha yake. Nikafikiri kisomi. Humu ndani kila kitu ni cha kuigiza, kwa hiyo na maua haya ni ya kuigiza, ya kweli yako nje. Nikafuta. Nikatoka nje kutazama.
Hakuna!
Kumbe folda ni ile ile moja, ina mlango huku na mlango kule. Mungu wangu! Shangazi kagonga, nikasema napumzisha mitambo. Nimekaa sakafuni.

Ijumaa
Shangazi kajua. Hakugomba. Afadhali angegomba! Kakaa tu akishika kitambaa cheupe cha gauni. Ndipo Shemeji akaingia, kizee begani. Nyumbani kwake kilikuwa kibao cha kuwekea pasi, kina alama ya kuungua juu. Kaniuliza mimi kinawashwa wapi. Nimemwonyesha. Kikakoroma. Maua yote yamo, kumbe Jumatatu nilinakili tu! Mashine imedarizi kutwa nzima.

Jumapili, 10 Machi
Harusi imefana. Gauni limesifiwa hata na wazamiaji wasio na kadi. Funguo kapewa Shemeji mbele ya watu, nami nikapiga makofi, nitafanyaje? Shangazi kanifariji, kuteleza si kuanguka. Kweli kabisa! Nimewaza, nimeona kosa lilipo. Niliweka ya zamani ndani ya mpya, na ilitakiwa mpya ndani ya ya zamani. Shemeji kalala kwa uchovu, mimi nimeachiwa nifagie, na kizee kiko mezani. Nafasi ndiyo haitoshi. Si neno, nafuta hii folda kubwa ya maua. Nakala si ipo? Imedariziwa kwenye gauni.