Amani Mliyotuletea Kiegei

Kiegei, Nachingwea

Kwa Ndugu Mratibu wa Bonanza la Amani,

Salaam nyingi, na pole kwa kazi ya kutupatanisha. Mimi ni Bilali Mbaruku, mkulima wa korosho na ufuta, yule uliyenikabidhi filimbi siku tulipokwenda Ruangwa kucheza na Matambarale. Nakuandikia kwa heshima zote kuilalamikia amani yako. Imetumaliza.

1. Ulituhutubia saa nzima juani kuhusu Wagiriki wa kale, kwamba michezo ikifika walisimamisha vita. Jambo jema. Ila sisi hatukuwa na vita. Tulikuwa tunaoana, tunazikana, tunauziana ufuta. Kwa kuwa tulikosa vita vya kusimamisha, imebidi tuanzishe.

2. Ulisema mshindi kwao hakupewa ng'ombe wala jezi, alivikwa taji la majani ya mzeituni. Mizeituni hatuna, basi kamati yako ikakata matawi ya mkorosho. Yenye maua! Ndugu yangu, mkorosho wenye maua hukatwa na adui au mwendawazimu. Na mkorosho wenyewe ulikuwa wa mama mkwe wangu.

3. Ukaongeza kwamba Wagiriki hao walikimbia uchi. Shehe Isihaka alikohoa mpaka akaletewa maji. Hili nimekusamehe.

4. Ulinichagua niwe refa eti kwa sababu nimezaliwa Kiegei na nimeoa Matambarale, hivyo nitatenda haki pande zote. Loo! Tangu lini mkwe akawa mwamuzi? Dakika ya mwisho shemeji yangu Masoudi alipiga mpira golini, nami nikaamua haukuvuka mstari. Mstari wenyewe ulikuwa wa majivu, upepo ulishaupeperusha. Tukashinda moja bila. Sasa mke wangu Hajra, dada yake Masoudi, yuko kwao wiki ya tatu. Kaondoka na kinu na mchi. Mwanamke akibeba kinu, huyo hakwenda kusalimia.

Kwa hiyo naomba michezo yote ipigwe marufuku mpaka amani irudi. Ikishindikana, waleteni hao Wagiriki wenyewe waende Matambarale kuniombea. Kama waliweza kutuliza miji yenye mikuki, mama mkwe hatawashinda, ingawa sasa ana mchi wangu.

Nisikufiche, nyumba imepooza. Ugali napika mwenyewe, unatoka na mabonge, na hakuna hata wa kunicheka.

Wasalimie wanakamati wote na wapiga ngoma. Yule aliyekata matawi msalimie kwa mbali.

Ni mimi niliyepatanishwa,
Bilali Mbaruku

N.B. Lile goli lilikuwa halali. Nililiona likiingia kwa macho yangu mawili. Nililitaka taji lije Kiegei, na sasa linakauka ukutani kwangu, maua yanadondoka kitandani upande wa Hajra. Ukipita Matambarale mwambie nimekiri. Simu yangu hapokei.