Kurasa za Nyuma

Jumamosi, 1 Juni

Leo nimekwenda kwenye kikundi cha kujifunza Biblia bila kuburutwa. Mke wangu anadai nilifuata chai. Si kweli. Nimefuata uongozi. Mwalimu wa hesabu, anayetuongoza, anahamishwa kikazi mwisho wa mwezi, na tarehe 22 atamkabidhi mtu kikundi. Tuko saba bila yeye, sebuleni kwa Mama Mwenyeji. Nimewapima wote. Mpinzani ni mmoja tu, Fundi Saa. Leo aliulizwa swali, akasema hajui. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nikisema sijui, naambiwa sikusoma.

Kitabu chetu kinafundisha kuyaona maisha yote kwa mtazamo wa Biblia: kazi, ndoa, majirani, kila kitu. Kinasema mtazamo ni kama miwani, kila mtu anayo ila wengi hawajui kwamba imechafuka. Macho yangu ni mazima. Somo la kwanza nimelimaliza.

Jumatatu, 3 Juni

Mwalimu amepita dukani kwangu. Natoa fotokopi. Ameniachia kitabu nitoe nakala za somo la pili, akaniomba nisiguse kurasa za nyuma. Huko ndiko kuna majibu, ni ya kiongozi peke yake. Amesema watu wakiyapata wataacha kujichunguza mioyo. Nikamwambia ni kweli, watu hawaaminiki siku hizi.

Alipokata kona nikatoa haraka nakala ya ukurasa mmoja wa nyuma, wenye majibu ya somo la pili mpaka swali la nne. Karatasi ni zangu, mashine ni yangu. Somo lenyewe linahusu Anguko. Watu wawili wamepewa bustani nzima, wamekatazwa mti mmoja tu. Hata hilo likawashinda. Nimeshangaa sana.

Ijumaa, 7 Juni

Kikundi kina utaratibu wake. Maswali yanazunguka: la kwanza kwa aliyekaa kushoto kwa Mwalimu, la pili kwa anayefuata, hivyo hivyo mpaka yaishe. Anayejua kiti chake anajua swali lake. Nimechagua kiti cha nne kwa sababu swali la nne lina uzito: je, Mungu ndiye aliyeleta uovu? La tano silitaki hata kulisikia. Linauliza ni jambo gani unamficha mtu wa nyumbani kwako. Maswali ya namna hiyo yanavunja ndoa.

Nimekariri jibu bafuni. Mke wangu akauliza nje ya mlango naongea na nani. Nikasema nasali. Akaenda zake akiimba. Roho ikanisuta, kama dakika mbili hivi.

Jumamosi, 8 Juni

Fundi Saa alikuwa amekalia kiti cha nne! Nikamwambia mguu mmoja wa kiti hicho umelegea. Akainama, akaukagua, akasema anauona mzima ila siku hizi hayaamini sana macho yake. Akanishukuru, akahama.

Kabla ya swali la kwanza akaingia wifi yake Mama Mwenyeji, amechelewa kama kawaida. Akawekewa kigoda pale pale kushoto kwa Mwalimu. Sikumjali. Nilikuwa narudia jibu moyoni.

Zamu yangu ikafika. Mwalimu akasoma swali. Sikulisikiliza, la nini na ninalijua? Nikajibu kwa sauti ya kiongozi kwamba hapana, hilo halikuletwa na Mungu, liliingia kwa uchaguzi wa mwanadamu, na sasa nyamaza kidogo uwape watu muda wa kutafakari.

Wakatafakari. Kumbe kigoda kile kilitusogeza sote, na lile lilikuwa swali la tano. Na maneno ya kunyamaza hayakuwa jibu, yalikuwa maelekezo kwa kiongozi. Mwalimu aliniangalia muda mrefu. Mke wangu aliangalia zulia.

Jumapili, 9 Juni

Tangu jana mke wangu amezungumza nami kuhusu chumvi tu. Mchana akafunguka. Alisema miaka miwili amenibembeleza niende kwenye kikundi, si kwa ajili ya chai wala sifa, ila asikie siku moja ninachokiwaza. Nyumbani simwambii kitu. Jana nilifungua mdomo, akasikia kitabu.

Iliniuma. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nimeshika soksi moja. Nikaona kosa langu lilipo. Nilipaswa kubadilisha maneno kidogo.

Jumatano, 12 Juni

Mwalimu ameleta kitabu, somo la tatu. Kurasa za nyuma hazimo. Amezikata kwa wembe, kwa rula, safi kabisa. Alinisalimia tu na kuuliza hali ya mashine. Nimeumia. Mkristo wa aina gani huyu asiyemwamini ndugu yake?

Bila majibu, inabidi Fundi Saa ashuke ndipo mimi nipande. Nimebana pini karatasi za kila mtu. Za Fundi Saa ni za somo la pili. Atajibu mambo ya juma lililopita, na watu wataona.

Jumamosi, 15 Juni

Wameona.

Zamu ya Fundi Saa ilipofika alisogeza karatasi puani, akazirudisha mbali, akasema inaelekea ameshika za juma lililopita. Mwalimu akataka kumpa zake. Akakataa kwa upole. Akasema huenda ni afadhali, maana swali la tano lilimfuata mpaka nyumbani. Kisha akalijibu. Anamficha mkewe kwamba macho yanakwisha. Saa za wateja anazifungua kwa kupapasa. Miezi mitatu sasa, kila asubuhi anaaga anakwenda kazini, na nusu ya siku anakaa tu nyuma ya meza yake, anaogopa mtu asije na saa ndogo ya kike.

Hakuna aliyetafuta Biblia. Mama Mwenyeji alimshika mkono. Mwalimu akaomba kwa ajili yake, kwa maneno machache. Mke wangu alilia. Niliona haya mpaka masikio yakawa ya moto, na nikataka kusema kuhusu karatasi, kuhusu kurasa, kuhusu yote. Zamu ikanifikia. Nikasema naunga mkono.

Jumamosi, 22 Juni

Siku ya kukabidhi. Nilipiga pasi shati jeupe. Mwalimu alisema kwanza alimwomba Fundi Saa, naye akasema hajui kuongoza. Nikanyoosha mgongo. Akaendelea kwamba kwa hiyo wamekubaliana na mke wangu.

Mke wangu! Wanane tumo chumbani na mimi peke yangu sikujua. Nilipiga makofi kuliko wote, ikabidi niguswe bega niache.

Njiani nilimuuliza mbona alinificha. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu tarehe nane. Tulipofika nyumbani akanipa kitabu nitoe nakala za somo la nne. Akaweka mezani na bahasha imefungwa kwa gundi. Akasema, “Baba watoto, hii usiifungue. Mimi nakuamini.” Kisha akauliza kama nina neno la kumwambia. Nilikuwa nalo. Nikamwambia wino wa mashine unakaribia kuisha.

Jumapili, 23 Juni

Mke wangu na Mama Mwenyeji wamempeleka Fundi Saa nyumbani kwake, akamweleze mkewe. Aliomba wawepo. Mtu jasiri, lazima nikiri.

Nimebaki na bahasha. Sikuifungua. Niliiinua dirishani tu, ikawa nzito, haionyeshi. Nikaisogeza karibu na birika linalochemka, kwa bahati gundi ikaachia yenyewe.

Ndani hamna majibu. Kuna karatasi moja, mwandiko wa mke wangu: “Swali la tano bado linakungoja, mume wangu. Nami pia.”

Nimeisoma mara tatu. Machozi yamenilenga, siyafichi hapa. Miaka yote hii mwanamke ananingoja, na anachotaka ni kitu kimoja tu. Leo akirudi nitamjibu. Nimeapa.

Ila swali kama hili si la kujibiwa ovyo ovyo. Kurasa zilizokatwa lazima Mwalimu alimkabidhi, naye amezificha humu humu ndani. Nimeanza na kabati la vyombo.